Theluthi Mbili Isipunguzwe Hata Sentimita

Fundi Bakiri Mbaruku,
Chumba 906, Ghorofa ya Tisa,
Jengo la Ndovu, Marshalltown,
Johannesburg.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Jengo la Ndovu,
Ghorofa ya Nne, mlango wenye pazia la kijani (nililishona mimi).

Ndugu Mwenyekiti Emery,

YAH: KUPINGA THELUTHI MBILI KUFANYWA HAMSINI NA TANO KWA MIA

Kwanza nakusalimu, kwa sababu mimi si mtu wa kuanza ugomvi bila salamu. U hali gani? Mama watoto hajambo? Koo lako limepona tangu ulipotupigia kelele kwenye ule mkutano? Mimi ni mzima kama chuma cha cherehani. Salamu zimeishia hapo, sasa ugomvi unaanza.

Usishangae kupata barua kutoka kwa jirani. Maneno ya mdomo hutoka dirishani na baridi hii, ya karatasi hubaki. Nilisoma mpaka darasa la nne kule Tanga, lakini lilikuwa darasa la nne la zamani, ambalo ukilipanga na madarasa ya leo linafika chuo kikuu na kuchungulia ndani. Mwalimu wangu alisema Bakiri ana mwandiko wa kuku. Hakusema kuku mjinga.

Nianze kwa kukumbusha yaliyopita, isije mtu mwingine akaisoma barua hii akadhani nimeota. Jengo letu lina ghorofa tisa na kaya sitini, na kila kaya ina kura moja. Lifti ilikufa miaka minane iliyopita, na ndani yake mmeweka mifagio pamoja na ngoma mbili za kanisa. Kamati yako ikaja na kitu kinaitwa hatifungani: kila kaya iikopeshe kamati, lifti itengenezwe, na baada ya miaka mitatu kila mtu arudishiwe chake na nyongeza kidogo. Katiba ya jengo inasema mkopo wa namna hiyo lazima ukubaliwe na theluthi mbili ya kaya, yaani kaya arobaini. Tarehe 20 Julai tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, pale uani penye mapipa. Kaya ishirini za ghorofa ya kwanza mpaka ya tatu zikakataa, maana wao hiyo lifti wangeiona ikipita tu, kama harusi ya watu wengine. Kaya thelathini na tisa za juu zikakubali. Ikabaki kaya moja. Kaya hiyo ni mimi.

Mkono niliunyanyua, sikatai. Ulifika begani ukasimama. Sikuwa nimekubali na sikuwa nimekataa, nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri mkono husimama. Ndipo Ummi wa ghorofa ya tano, huyu binti yetu wa Tanga anayeuza mandazi, akapaza sauti mbele ya umati: "Babu Bakiri, huo mkono unapiga kura au unampima mtu bega?" Watu wakacheka. Akina mama wa Lubumbashi wakapiga mpaka vigelegele. Nikaushusha. Fundi hachekwi akiwa kazini. Mkaandika thelathini na tisa, hatifungani ikaanguka, na tangu saa ile mimi ndiye kura ya arobaini.

Sasa Jumanne ya tarehe 5 Agosti mmebandika tangazo kwenye mlango wa hiyo lifti marehemu. Mnasema Jumapili hii, tarehe 17, tukutane tubadili katiba, theluthi mbili iwe hamsini na tano kwa mia, yaani kaya thelathini na tatu. Kwa hesabu hiyo wale thelathini na tisa wenu wanatosha na kubaki. Bakiri hahitajiki tena. Mnaweza kumtundika ukutani kama kalenda ya mwaka jana.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyatia namba ili asitokee mtu wa kusema mzee anarukaruka.

1. Katiba hiyo niliishona mimi. Siku tuliyoanzisha umoja huu, karatasi kumi na moja zilikuwa zinapeperuka mezani kwa katibu Thierry kama kuku waliofunguliwa. Nani alizichukua akazipitisha kwenye cherehani? Mimi. Nilizishona kwa uzi wa jinzi, mshono mara mbili, na pembeni nikatia kitambaa chekundu kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja mwenye kitambi aliyekana kitambi chake mpaka siku ya nikahi. Hiyo theluthi mbili ipo ukurasa wa saba. Huwezi kuutoa ukurasa wa saba bila kufumua, na ukifumua mshono wangu ukurasa wa nne nao unadondoka, ambao ndio unaokataza kumwaga maji machafu dirishani. Kwa hiyo Jumapili mtashusha theluthi mbili, na Jumatatu asubuhi mpita njia wa mtaa huu ataogeshwa kihalali. Kale kachuma ka kufumulia nyuzi ninako mimi peke yangu katika jengo zima. Sikaazimi.

2. Mimi ni fundi, kwa hiyo nitakuonyesha kwa kitambaa, maana wewe ni mtu wa simu na asilimia hukupanda kichwani kama bia. Chukua kitambaa cha mita tatu. Theluthi mbili yake ni mita mbili, na mita mbili ndiyo suruali ya mtu mzima mwenye mwili wa heshima. Sasa nenda na hiyo hamsini na tano kwa mia yako. Unapata mita moja na sentimita sitini na tano. Zimepungua sentimita thelathini na tano, na kwa uzoefu wangu wa miaka hamsini na mmoja nakuapia kwamba hizo zilizopungua ndizo za makalio. Unataka jengo zima litembee mitaani hivyo? Mbele tumependeza, tuna lifti, nyuma upepo wa Agosti unapita. Kipimo kikishawekwa hakibembelezwi. Mteja akinenepa, fundi huongeza kitambaa, hakati futi kamba.

3. Theluthi si namba ya mchezo. Wewe ni Mkristo wa Bukavu, na sikulaumu, lakini waulize Waislamu wa jengo hili watakueleza kwamba hata mtu anayekufa, na mali ni ya jasho lake, akitaka kuusia haruhusiwi kuzidi theluthi moja. Theluthi mbili ni za warithi, haziguswi. Mtu anakata roho, watu wanamlilia, na bado anaambiwa: mzee, hapo umezidisha. Sasa kama anayekufa anaiheshimu theluthi, ninyi wazima wenye afya, mnaokunywa soda kwenye vikao, mnapata wapi ujasiri wa kuishusha? Au mnataka kushindana na maiti?

4. Halafu kuna ujanja ambao mlidhani sitauona kwa sababu ya miwani yangu kuwa na jicho moja. Katiba hiyo hiyo inasema kuibadili kunahitaji nusu ya kaya na moja zaidi tu. Yaani kuazima hela ya lifti ni lazima watu arobaini, lakini kuivunja sheria ya kuazima wanatosha thelathini na mmoja! Hiyo ni nyumba yenye kufuli saba mlangoni na dirisha limefungwa kwa uzi wa kushonea vifungo. Mlipiga penalti, mpira ukagonga mwamba. Badala ya mpigaji kwenda kufanya mazoezi, mmerudi na msumeno kupanua goli. Nimeishi Johannesburg miaka thelathini na mbili. Nimeona robot, yaani taa za barabarani, zinazimika kwenye njia panda na watu wanapishana kwa adabu, anza wewe, halafu mimi. Sijaona dereva akishuka na kopo la rangi kuifanya nyekundu kuwa kijani.

5. Mimi binafsi lifti siihitaji. Nasema hili ili lisionekane nimeweka tamaa mbele. Nina miaka sabini na mitatu, na ngazi mia moja na sitini na mbili za jengo hili nazipanda kama mbuzi wa Usambara, na cherehani nimeibeba begani. (Niliibeba mara moja, mwaka ilipokufa lifti, lakini mara moja ikishafanyika imefanyika.) Vijana wa ghorofa ya nane wakinisikia napanda husimama pembeni kunipisha, kwa heshima. Wapo wanaosema husimama kwa sababu nikipanda nachukua nafasi yote na muda wote. Hao ni wale wale waliocheka mkono wangu.

6. Sasa nafika kwenye lalamiko lenyewe. Hayo matano ya nyuma yalikuwa ya kuliandalia mkeka.

Ndugu Mwenyekiti, tangu Mzee Muhammad wa 904 afariki, Mungu amrehemu, mlango wangu haukuwa umegongwa. Na yeye mwenyewe hakuwa akigonga mlango, aligonga ukuta, kuomba chumvi. Miaka sita nimekaa huko juu na redio iliyokufa na kikombe kimoja. Silalamiki, mwanamume hulalamika kwa maandishi tu, ndiyo maana naandika.

Jioni ile ile ya tarehe 20 Julai, mara ngo ngo ngo. Nafungua: Mama Brigitte, msusi wa ghorofa ya saba, na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao Kongo, lenye samaki wa kukausha, mkono mwingine ameshika goti. "Papa Bakiri, kula kwanza, mambo ya lifti tutaongea kisha." Nikala. Tukaongea kisha. Kesho yake akaja Gaston wa ghorofa ya nane, yule askari wa ulinzi wa maduka ya jumla, akaishika redio yangu akaipindua: "Eish, madala, redio haijafa, ni betri ndiyo imekufa." Madala huku ni mzee. Miaka miwili nilikuwa nimefiwa na redio iliyo hai! Ummi, pamoja na ulimi wake, akawa analeta mandazi mawili kila asubuhi, ananitolea shikamoo ndefu ya kwetu, halafu ananichokoza: "Babu unaringa na hiyo kura kama mwali na kanga mpya." Na wewe mwenyewe ulipanda, usijifanye umesahau. Ulifika shati limeloa, ukakaa kwenye kiti changu dakika kumi bila kutoa neno kwa ajili ya kuhema, na nakiri kwamba hayo ndiyo mazungumzo mazuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo.

Nikashuka mpaka madukani mtaa wa Jeppe nikanunua vikombe vinne vyenye maua. Mtu wa kura ya arobaini hawezi kuwapokezanisha wageni kikombe kimoja.

Wote mlipouliza, jibu langu lilikuwa moja: bado nafikiri. Sasa nitasema jambo ambalo naomba libaki kati yetu na yeyote atakayeisoma barua hii. Nilikuwa nimeshaamua kukubali tangu lile bakuli la kwanza. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono ambao umeshapiga kura ni mtupu kuliko yote. Mtu mwenye akili akishaamua hatangazi mpaka amalize sombe, na sombe ya Mama Brigitte haikuwa imeisha, ilikuwa inakuja upya kila siku ya pili.

Ndipo mkabandika tangazo. Jumanne ile, hakuna bakuli. Nikasema labda sokoni hakuna majani. Alhamisi, hakuna. Mandazi yakapungua yakawa harufu tu inayopanda kutoka ghorofa ya tano. Gaston nilimsikia akipita mlango wa chini yangu akaingia kwake moja kwa moja. Leo ni siku ya tisa. Vikombe vinne vimepangwa kichwa chini mezani kama watu waliofiwa. Nimeelewa, sikusoma bure. Theluthi mbili ikiwepo, Bakiri ni mzee wa jengo. Hamsini na tano kwa mia ikija, Bakiri ni chumba 906.

7. Kwa hiyo siombi theluthi mbili ibaki. Mlipoichokoza ndipo mlipoharibu. Naomba ipandishwe, kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza ifanywe robo tatu, yaani kaya arobaini na tano. Mtalazimika kushuka ghorofa za chini mkawabembeleze wale waliokataa, na wao waonje hizo bakuli, labda mioyo italainika. Wakishazoea, ipandishwe iwe kaya zote sitini bila kupungua moja. Na isiwe kwa hatifungani peke yake, iwe kwa kila kitu: balbu ya ngazini, rangi ya lango, kelele za ngoma, nani aanike wapi. Kila mtu awe kura ya mwisho.

Najua utasema jengo halitaenda. Ndugu yangu, miaka minane limekaa, limekwenda wapi? Fikiria badala yake faida. Yupo Alexis wa ghorofa ya sita, yule Mrundi mpole anayepita kandokando ya ukuta kama rangi. Siku ile alinyoosha mkono vizuri, wa kwanza kabisa, ukahesabiwa kuwa wa kumi na tano. Nani amewahi kumpelekea bakuli mtu wa kumi na tano? Alikubali haraka, akasahaulika haraka. Mimi nilichelewa nikanenepa kilo mbili. Mkiweka sheria yangu, Alexis naye atagongewa mlango, na yule mama wa ghorofa ya pili anayegombana na paka naye, na hakutakuwa na mtu katika jengo hili anayekula peke yake mpaka siku tutakapokubaliana, ambayo kwa kuwafahamu ninyi Wakongo na sisi Waswahili, haipo karibu.

Na kwa kuwa haki haichagui, iongezwe pia kura ya wale ambao bado hawajahamia, maana lifti watakuja kuikuta, wasije wakasema hawakuulizwa. Wasubiriwe. Na kura ya Mzee Muhammad wa 904 isifutwe kwa kisingizio kwamba amefariki. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, najua angesema nini: angesema bado anafikiri. Tulikuwa watu wa aina moja.

Wenye haraka ya kupanda, nimewafikiria. Nitashona kiti cha turubai, chenye mikanda miwili na mfuko wa pembeni wa kuwekea simu, kitundikwe kwa kamba kutoka dirisha la ghorofa ya tisa, na Gaston avute. Nimeshachora. Uzito usizidi kilo sabini, kwa hiyo wewe, ndugu Mwenyekiti, utaendelea na ngazi.

Nadhani nimeeleweka. Nikipuuzwa, Jumapili nitakuja kwenye mkutano na kiti changu mwenyewe, nitakaa mbele, na sitanyanyua mkono kabisa, hata kujikuna, ili katibu Thierry asinihesabu kwa bahati mbaya.

Nisalimie mama watoto, na umwambie lile gauni lipo tayari tangu mwezi wa sita, ni yeye tu anaogopa ngazi. Nisalimie ghorofa ya nne yote. Nisalimie ghorofa za kwanza, za pili na za tatu, hata kama zina roho mbaya, ni majirani. Nisalimie yule mlinzi wa lango ambaye hanijui jina. Ummi usimsalimie, nitampita mwenyewe na nitamnyima uso.

Ni mimi, mwenye mkono ambao haujashuka wala haujapanda,

Bakiri Mbaruku,
Fundi, Mshonaji wa Katiba.

Nakala: Katibu Thierry, aiweke jaladani.
Nakala: Mlango wa lifti, ibandikwe juu ya tangazo lenu.
Nakala: Mzee Muhammad, marehemu, kwa taarifa.

N.B. Hii naiandikia ngazini, mwandiko usikushangaze.

Nilikuwa nashuka kukuletea barua hii mkononi. Nimeshuka vizuri sana, kama mbuzi niliyemtaja namba 5, mpaka kati ya ghorofa ya sita na ya tano. Hapo goti la kushoto likajifunga kama zipu mbovu. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Nimekaa kwenye kona ya ngazi tangu saa tatu asubuhi, na sasa ni saa nane.

Nimepitwa na watu kumi na mmoja. Nimewahesabu, nikisubiri nani ataanza kutaja kura, maana mzee amekwama, ukitaka chochote kwake ndio wakati. Wa kwanza alikuwa Alexis. Sikumbuki kama niliwahi kusikia sauti yake. Akasema, "Mzee, sakafu ina baridi," akarudi kwake akaja na mto wa kukalia na blanketi, akakaa ngazi ya chini yangu. Bado yupo. Kumbe anajua hadithi, na nyingine si za kuandika kwenye barua ya kiserikali. Gaston akapita anatoka zamu, macho mekundu ya usingizi, akachuchumaa: "Panda mgongoni, madala. Hata jenerali anabebwa." Nikakataa, heshima yangu haibebeki. Akasema sharp, yaani sawa, akapanda kulala, lakini baada ya dakika tano akarudi na redio yake tusikilize. Ummi niliyesema nitamnyima uso nilishindwa kumnyima, kwa sababu uso ndio unaokula mandazi. Akaniambia siku hizi tisa alikuwa na mafua, hakutaka kumwambukiza babu yake.

Mwisho akaja Mama Brigitte, akishuka kwa matako, ngazi moja moja, kama mtoto anayejifunza. Akafika akajimwaga pembeni yangu. Nikaona nisiteseke zaidi, nikamuuliza mwenyewe: mama, mbona hamniulizi kura? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. "Kura iko kule juu kwako, papa. Hapa tuko na goti tu." Nikamuuliza, na sombe iliyokatika tangu tangazo je? Akavuta gauni kidogo akanionyesha. Magoti yote mawili yamevimba kama maboga. "Tangazo gani, papa? Miye tangu Jumanne ile siwezi kupanda. Ile safari ya bakuli ya mwisho ndiyo iliniua. Sombe yako inalala kwangu kwenye friji, bakuli nne, inangoja mtu wa kuipandisha."

Bakuli nne, ndugu Mwenyekiti.

Kwa hiyo naomba ufanye masahihisho yafuatayo. Namba 1 ibaki, kwa sababu ule mshono ni mzuri. Namba 2 mpaka 7 zifute. Kile kiti cha turubai kifute mara mbili, Gaston amekataa. Jumapili msihangaike na hamsini na tano kwa mia, msifumue kitu, kwa maana dakika hii, mbele ya Alexis na Mama Brigitte na redio, nimeunyanyua mkono wangu, ukapita begani, ukapita sikio, umefika juu kabisa na umebaki huko. Uandike. Arobaini.

Naushikilia hapo hapo mpaka uje uuhesabu, kwa hiyo fanya haraka, maana naandika na wa kushoto. Panda ghorofa moja na nusu tu. Na huyo fundi wa lifti ukimpata leo, mwambie asianzie chini kama ilivyo kawaida yao. Aanzie kati ya ghorofa ya tano na ya sita, upande wa ukuta, penye watu wengi.